Namna ya Kusoma Angalizo la Mvua Kubwa na Kuiandaa Nyumba Kabla Maji Hayajafika

Wakazi wengi wa ukanda wa pwani ya Tanzania hupokea angalizo la mvua kubwa kwenye simu, husoma mstari wa kwanza, hutazama nje, na wakiona jua linawaka huendelea na shughuli zao. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nimeishi kwa miaka mingi katika nyumba iliyo chini ya mteremko jijini Dar es Salaam, si mbali na kijito kinachomwaga maji yake katika Mto Msimbazi, na alfajiri moja ya masika niliteremsha miguu kitandani nikakanyaga maji ya baridi, kandambili zangu zikiwa zimeelea hadi mlangoni. Taarifa ilikuwa imetoka siku mbili kabla, na nilikuwa nimeisoma. Nilichokuwa sijafanya ni kuigeuza kuwa vipimo vya kiwanja changu: ni maji kiasi gani, yatapita wapi, yatapanda hadi wapi ukutani, na yakifika alama ipi nitaondoka na watoto. Taarifa hutolewa kwa mkoa mzima, na hakuna ofisi inayoweza kuijua kona ya jikoni kwako. Sehemu hiyo ya kazi imebaki kwa mwenye nyumba, nayo ndiyo inayoelezwa hapa.

Kuisoma taarifa yenyewe

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya kutoa tahadhari za hali ya hewa nchini, hutoa kila siku utabiri wa hali mbaya ya hewa unaotazama siku tano mbele. Utabiri huo una ngazi tatu zenye rangi zake. Angalizo huwa la njano, Tahadhari huwa ya rangi ya chungwa, na Tahadhari Kubwa huwa nyekundu. Watu huzichanganya ngazi hizi katika mazungumzo na kuziita zote tahadhari, jambo ambalo lina madhara, kwa sababu aliyezoea kusikia neno hilo kila wiki ya masika hatashtuka siku litakapotamkwa kwa maana yake kamili. Njano humtaka mtu afuatilie taarifa na amalize maandalizi madogo. Chungwa humtaka achukue hatua siku hiyohiyo. Nyekundu ikitoka, anayekaa bondeni au ufukweni anatakiwa awe ameshahama au anahama.

Chini ya rangi kuna mistari miwili ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko mingine yote. Mmoja hutaja kiwango cha uwezekano wa jambo kutokea, na mwingine hutaja kiwango cha athari zinazoweza kujitokeza. Vitu hivi viwili havitembei pamoja. Uwezekano ukiandikwa kuwa mdogo na athari zikaandikwa kuwa kubwa, maana yake ni kwamba huenda mvua hiyo isinyeshe, lakini ikinyesha itabomoa. Mwenye mtoto mchanga au mzazi asiyeweza kutembea hapaswi kuutegemea huo uwezekano mdogo. Kisha soma maelezo ya athari zenyewe, kama vile baadhi ya makazi kuzungukwa na maji au shughuli za uvuvi na usafiri baharini kuathirika, na hapo ndipo unapojiuliza kama makazi yako yamo katika hayo baadhi.

Neno "baadhi" huwaudhi wasomaji. Taarifa ikisema "baadhi ya maeneo ya mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, na visiwa vya Unguja na Pemba", Mbezi inaweza kupata mvua ya kujaza visima huku Mbagala vumbi likiruka, na mtu wa Mbagala ataapa kwamba amedanganywa. Mawingu ya mvua kubwa hapa kwetu hujengeka kwa mafungu, na hakuna chombo kinachoweza kusema siku tatu kabla kwamba fungu hili litamwagikia mtaa fulani. Lichukulie neno hilo kama idhini ya kujiandaa bila kulalamika endapo maandalizi hayatatumika.

Jambo la mwisho katika usomaji ni chanzo. Wakati wa masika hupita katika makundi ya simu sauti zilizorekodiwa na watu wasiojulikana, zikitangaza vimbunga vyenye majina ya kutisha, na aghalabu zikiambatana na picha za mafuriko ya nchi nyingine kabisa. Taarifa ya kweli ina tarehe ya kutolewa, muda inaohusu, na orodha ya mikoa. Isiyo na vitu hivyo vitatu usiisambaze, hata kama aliyekutumia ni shemeji yako unayemheshimu.

Kuzigeuza milimita kuwa ndoo

Mvua huhesabiwa kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Tarakimu hiyo huonekana ndogo, pungufu ya urefu wa kidole, na udogo huo ndio unaotupumbaza. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Chukua paa lako, pima urefu na upana, kisha zidisha. Paa la mita 8 kwa mita 10 lina mita za mraba 80. Milimita 50 juu yake ni lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20, na zote zinamwagika pembezoni mwa nyumba moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hupokea lita 20,000, uzito wa tani 20. Mchanga wa pwani hunywa sehemu ya maji hayo, lakini uani palipopigwa saruji yote hapanywi kitu, na tangu tuanze kusakafia kila kipande kwa kuogopa tope tumejitengenezea mafuriko ya nyumbani ambayo hayahitaji mto.

Muda nao hubadilisha kila kitu. Milimita 50 zikinyesha taratibu usiku kucha, mtaro wa kawaida unazimudu. Zikimwagika kwa saa moja na nusu, kama zinavyopenda kufanya alasiri za Aprili, mtaro huohuo hufurika ingawa haujaziba.

Ili uizoee mvua ya mtaa wako, tengeneza kipimo chako mwenyewe. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana sawa, ulisimamishe juu ya nguzo mahali pasipo na mti wala paa karibu, na kila siku saa 3 asubuhi utumbukize rula, usome milimita, uandike kwenye daftari, kisha umwage. Nimechagua saa hiyo kwa sababu vituo vya hali ya hewa nchini hupima mvua yao ya saa 24 saa hiyohiyo, hivyo namba yako na namba yao zinaweza kulinganishwa. Chupa ya soda haifai kwa kuwa shingo yake ni nyembamba kuliko tumbo. Baada ya msimu mmoja utakuwa umejua jambo ambalo hakuna taarifa itakayokuambia, kwa mfano kwamba kwako maji hukusanyika uani baada ya milimita 30 na huvuka kizingiti cha jikoni baada ya 70.

Maji ya kwako yanatoka wapi

Kuna nyumba zinazofurika kwa mvua inayozinyeshea zenyewe, na kuna zinazofurika kwa mvua iliyonyesha kwa wengine. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hukatiza katikati ya jiji, hupita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mkazi wa bondeni anaweza kulala chini ya nyota, huku maji yaliyoshuka vilimani tangu magharibi yakiwa njiani kumfuata. Hivyo basi, unapoishi kando ya mto, angalizo la maeneo yaliyo juu yako lina uzito kuliko la kwako, na inafaa uwe na namba ya simu ya mtu anayekaa huko juu, ambaye ataweza kukuambia maji yamefika wapi chini ya daraja lao. Rufiji inatoa mfano mkubwa zaidi wa jambo hili: mto ule hukusanya maji ya nyanda za juu kusini na ya bonde la Kilombero, na mafuriko yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024 yalitokana kwa sehemu kubwa na mvua za mbali sana na delta, mahali mto unapogawanyika kuingia baharini.

Aliye karibu na bahari ana hesabu nyingine ya kufanya, nayo ni ya mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3, na bahari iliyojaa huyazuia maji ya mto yasitoke, yakarudi nyuma mitaani. Katika siku hizo maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Mvua ya milimita 60 inayonyesha wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, inaweza kupita bila kisa, na mvua ileile ikiangukia alasiri ya bamvua ikafika vitandani. Wavuvi wanajua haya tangu utotoni. Sisi tuliokuja mjini na kununua viwanja kwenye mabonde ndio tunaotakiwa kuwauliza.

Baada ya hapo, tembea. Chagua siku ya mvua ya kawaida, vaa viatu vya mpira, na ufuate maji kutoka yanapoingia kiwanjani hadi yanapotokea mtaa wa pili. Angalia kalavati lililojaa chupa za plastiki, angalia ukuta mpya uliojengwa juu ya mfereji wa zamani. Kwetu kosa lilikuwa ukuta wa aina hiyo. Jirani alijenga uzio mzuri wa matofali ya saruji bila kuacha hata tundu moja chini, na maji ambayo kwa miaka yalipita uani kwake yakageukia kwetu. Tulizungumza naye mbele ya mjumbe, akakubali kutoboa matundu manne yenye upana wa tofali moja, na tangu siku hiyo maji hugawanyika. Nalitaja hili kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo hufaa kufanyika mwezi Februari, kila mtu akiwa na miguu mikavu. Yakifanyika katikati ya mafuriko huwa ugomvi.

Waulize pia wazee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka ambao wanaukumbuka. Wengi Dar es Salaam watataja Desemba 2011, mafuriko yaliyoua makumi ya watu na kuwafanya wakazi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Wakikuonyesha kimo, kipime kutoka chini na ukihamishie kwenye ukuta wako kwa msumari au rangi. Chini yake, kwa kimo cha kifundo cha mguu, chora mstari wa pili. Huo ndio mstari wa kuondoka, na nitaurudia baadaye.

Kazi za kabla ya msimu

Masika huanza Machi na kumalizika Mei, na vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Mikoa ya kusini kama Lindi na Mtwara ina msimu mmoja mrefu kutoka Novemba hadi Aprili. Kazi za nyumba zifanyike mwezi mmoja kabla, kwa sababu fundi wa paa hapatikani wiki ya kwanza ya mvua, na akipatikana bei yake imepanda.

Anza na paa, kwa kuwa upepo huanza nalo. Maangalizo mengi ya pwani hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, nguvu ambayo bati lililopigwa vizuri linaistahimili. Lakini msukumo wa upepo haukui sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, na upepo wa kilomita 80 hung'oa paa ambalo halikutikisika kwa 40. Bati huanza kuondoka kwenye kingo na kwenye kofia, yaani bati la kileleni, mahali ambapo upepo hupata pa kushika. Panda ngazi, au mpandishe fundi, mkague misumari ya safu ya mwisho: iliyolegea ing'olewe na kupigwa mipya katika sehemu nyingine ya papi, yaani mbao inayopigiliwa bati, kwani msumari uliorudishwa kwenye tundu lake la zamani haushiki. Kagua pia kama kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwenye ukuta kwa nondo au waya mzito uliopita ndani ya lenta, kwa sababu nyumba nyingi za mitaani paa lake limekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Mawe na matairi yanayowekwa juu ya bati ili yalikandamize yaondolewe. Upepo mkali huyashusha, na hayachagui kichwa.

Matawi ya mwembe au mkungu yanayoning'inia juu ya paa yapunguzwe, na madafu na makuti makavu yaangushwe. Gata zisafishwe. Mtaro wa mbele uzibuliwe kwa chepe, na taka zake zipakiwe zikaondolewe. Tope linaloachwa ukingoni hurudi lilikotoka kwa mvua ya kwanza, na bado kila mwaka tunalipa vijana wa mtaa kufanya kazi hiyo hiyo nusunusu.

Karo la maji taka linyonywe kabla ya mvua. Karo lililojaa, maji ya ardhini yanapopanda, husukuma uchafu wake kurudi kupitia tundu la choo na la bafu, na wapo watu ambao maji ya mtaroni hayajawahi kuwafikia lakini kinyesi kimeelea bafuni kwao. Wanaofungulia makaro yao mtaroni mvua inapoanza, ili kukwepa gharama ya gari la kunyonya, wanawatendea majirani wa chini kitu kisichosemeka.

Kwa wanaoishi milimani au chini ya vilima, hatari kubwa ni udongo. Maporomoko ya Katesh chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yaliua zaidi ya watu 80 baada ya mvua kushusha tope, mawe na magogo juu ya mji. Dalili za kuchunguza ni nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi inayogeuka kuwa na tope, na kijito kinachopungua maji ghafla wakati mvua inaendelea, jambo linaloashiria kwamba kimezibwa huko juu na kitaachia kwa pamoja. Ukiiona dalili hii ya mwisho usisubiri kuijadili.

Saa 24 za mwisho

Angalizo likigeuka kuwa Tahadhari, au kipimo chako na simu ya mtu wa juu vikikubaliana kwamba maji yanakuja, kazi hufuatana kwa utaratibu ufuatao. Kwanza karatasi: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hati ya kiwanja au barua ya mauziano, vitambulisho na kadi za kliniki ziingizwe katika nailoni mbili, kila moja ifungwe peke yake, kisha zote katika mkoba mmoja unaobebeka begani. Zipige picha pia, uzitume kwa ndugu aliye mkoa mwingine. Pili dawa za kila siku, hasa za presha, sukari na zile zinazochukuliwa kliniki kwa mwezi, kwa sababu barabara ikikatika duka la dawa haliko tena. Tatu, simu na pawabenki zijazwe chaji, na vocha na umeme wa LUKU vinunuliwe mapema.

Kisha vinyanyue vitu. Magodoro yawekwe juu ya meza, unga na mchele viingie katika ndoo zenye mfuniko, friji inyanyuliwe juu ya matofali ikiwa imezimwa. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, utolewe kwenye jiko na kufungwa kwa kamba kwenye nguzo au dirisha la nondo, maana mtungi huelea na huweza kugonga ukuta hadi valvu ivunjike. Mafuta ya taa na dawa za mashambani zipandishwe juu ya kabati. Yakimwagika katika maji yaliyosimama ndani, nyumba hiyo haikaliki kwa muda mrefu. Hifadhi maji safi kwenye madumu. Linachekesha kidogo kulijaza dumu maji siku ya mvua, lakini mabomba hukatika na visima huchafuka, na siku mbili baadaye maji yametuzunguka pande zote na hakuna la kunywa.

Viroba vya mchanga hufaa mlangoni ikiwa vitajazwa nusu tu, ili vilaliane vizuri, na vikapangwa kama matofali, kimoja kikikaa juu ya kiungo cha viwili, na nailoni ngumu ikitandikwa upande wa maji. Vinazuia maji ya kifundoni. Maji ya magotini hayazuiwi kwa viroba, na anayekesha akiviongeza anapoteza muda wa kuondoka.

Wenye vyombo vya baharini wana taarifa yao. Mawimbi yanayofikia mita 2 si ya ngalawa wala ya boti ndogo ya mashine, hata ikiwa nahodha ana uzoefu wa miaka 30. Chombo kivutwe juu ya alama ya bamvua na kufungwa pande mbili, mashine ishushwe. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia tarehe 4 Mei 2024, usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulikuwa umesitishwa, na maji yake yaliikata barabara ya kusini eneo la Somanga wilayani Kilwa kwa siku kadhaa. Kilikuja baada ya mwezi Aprili, wakati ambapo wengi huhesabu msimu wa vimbunga wa bahari yetu umekwisha. Vimbunga ni adimu kwetu kwa sababu ya ukaribu na Ikweta, ila Lindi ilipigwa mwaka 1952 na Unguja mwaka 1872, mwaka ambao minazi na mikarafuu ya kisiwa iling'oka. Kimbunga kikipita moja kwa moja juu yako, upepo hutulia ghafla katikati. Utulivu huo ni jicho lake, na baada ya muda mfupi upepo hurudi kutoka upande wa pili. Usitoke kuokota mabati.

Maji yanapoingia

Hapa ndipo mstari wa kuondoka unapofanya kazi. Uamuzi wa kuhama ukiachwa ufanywe usiku, gizani, na baba anayeona televisheni yake inalowa, hautafanywa kwa wakati. Kwa hiyo ufanywe mapema na familia nzima ikae ikiujua: maji yakifika mstari wa chini, wote wanatoka, hata kama mvua imepungua, hata kama mgeni wa nyumba anasema yatashuka. Mtu mmoja amepangiwa bibi, mwingine amepangiwa watoto, mwingine mkoba wa karatasi, na mahali pa kwenda pamekubaliwa na mwenyeji wake ameshaambiwa. Jirani mwenye ulemavu au mama mjamzito anayeishi peke yake awe ameingizwa katika mpango huo kwa jina.

Zima meni swichi kabla ya maji kufika. Ikiwa umechelewa na sakafu iliyo chini ya swichi imelowa, usiiguse. Toka nje na upige simu TANESCO. Nyaya zilizoanguka barabarani zisikaribiwe hata kama taa za mtaa mzima zimezimika, kwa kuwa umeme hurudishwa bila kuulizwa.

Usivuke maji yanayokwenda. Sentimita 15 za maji yenye kasi humwangusha mtu mzima, sentimita 30 huweza kuisogeza gari ndogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi tunayoyaona kuwa makubwa. Juu ya kalavati au daraja lililofunikwa na maji, huwezi kujua kama barabara ipo bado. Nimeona dereva wa bajaji akishuka, akichovya mti, akisema "panapitika", na hatua tatu mbele ya pale alipochovya lami ilikuwa imeshaliwa yote chini. Aliokolewa kwa kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa ni lazima upite katika maji yaliyosimama ndani ya kiwanja chako mwenyewe, tangulia kwa fimbo na ugonge kila hatua, kwa sababu vifuniko vya makaro huelea na kuacha shimo lisiloonekana. Watoto wasicheze humo, ingawa najua ni vigumu kuwazuia.

Upepo ukivuma kwa nguvu, kaeni chumba cha ndani chenye ukuta mfupi, mbali na madirisha, wala msijikinge chini ya mwembe au kwenye kibanda cha biashara. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, maana hewa yake huua kimya. Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na Polisi kwa 112. Unapopiga taja kwanza mtaa na alama inayojulikana, msikiti, shule au kituo cha daladala, kisha idadi ya watu waliokwama, kwa sababu simu inaweza kukatika.

Baada ya maji kupungua

Rudini mchana. Kabla ya kuingia, zunguka nyumba ukitazama nyufa mpya, hasa pembeni mwa milango na kwenye kona za msingi, kwani ukuta wa tofali za udongo huweza kusimama ndani ya maji na kuanguka baada ya maji kuondoka. Umeme usiwashwe hadi fundi azikague soketi zilizozama. Nyoka na nge huwa wamepanda kabatini na ndani ya viatu. Kila kitu kigongwe kabla ya kushikwa.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika nzima, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kisima kilichoingiwa na mafuriko kisitumike hadi kitibiwe na afisa afya. Kipindupindu hufuata mafuriko hapa kwetu kwa ukaribu unaotisha. Tope la mafuriko huwa na mkojo wa panya, unaoeneza homa ya mgunda, ugonjwa uliotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022, kwa hiyo anayeondoa tope avae viatu vya mpira na glavu, na mwenye kidonda mguuni aiache kazi hiyo kwa mwingine. Homa yoyote katika wiki mbili au tatu zinazofuata ipelekwe kituo cha afya, na mganga aelezwe kwamba ulishinda katika maji. Vyakula vilivyoguswa na maji vitupwe, hata mchele uliolowa kidogo tu, ambao najua kila nyumba hushawishika kuuanika.

Piga picha za kila chumba kabla ya kusafisha, na uandike orodha ya vilivyoharibika uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye mwanzo wa tathmini yoyote ya maafa. Ikiwa unafikiria kujenga upya mahali palepale, pima kwanza umbali hadi ukingo wa mto; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na nyumba iliyosimama humo haina wa kuitetea. Kisha, kabla tope halijakauka na kabla fundi rangi hajaitwa, chukua msumari uchore ukutani pale maji yalipofikia safari hii, uandike pembeni tarehe, saa, na milimita ulizosoma kwenye kopo asubuhi yake.